Moto mu nyumba za mbao: unga wa jiwe unaokosa ndani ya waya zetu

Kila mara nyumba za mbao zinapoungua Bukavu ao Goma, jibu ni moja: "Ni kursirkwi." Tunalaumu umeme, tunalaumu jirani aliyejiunganishia usiku, mambo yanaishia pale. Juu ya ngozi ya waya hakuna mwenye kuuliza. Kumbe ile ngozi njo inaamua kama cheche itazimika ao itapanda ukuta.

Plastiki nyingi inatoka mu mafuta ya petroli. Ile ya polietilini inaungua sawa buji na kudondosha matone ya moto. Ili kuizuia, viwanda vinachanganya ndani unga wa jiwe, zaidi ule wa haidroksidi ya alumini unaotokana na boksiti. Ukiushika ni mkavu, lakini theluthi moja hivi ya uzito wake itatoka kama maji ukipata moto. Joto likifika digrii 200 hivi, yale maji yanaanza kutoka kama mvuke, yanapoza plastiki, na ganda gumu linabaki juu. Lakini kidogo hakitoshi: mara nyingi unga unapita nusu ya uzito wa ile plastiki.

Biashara inaingia hapo. Kuna unga mwingine mweupe, chaki, wa bei ya chini. Nao unajaza plastiki, rangi ileile, lakini hauna maji ya kutoa. Sokoni jicho haliwezi kutofautisha.

Waya nyingi za nyumba ni za PVC. PVC iko na klorini inayozuia moto, lakini ili ikunjike wanaitia vilainishi, na vingi kati ya hivyo vinaungua. Basi wanaongeza antimoni. China, inayotoa antimoni nyingi kuliko inchi zingine, ilianza kubana mauzo yake ya inje Septemba 2024, bei ikapanda sana. Kiwanda kinachotafuta kuuza waya rahisi kitapunguza nini kwanza? Mimi ninaona jibu liko wazi.

Wala si shida ya maskini peke yao. Tarehe 14 Juni 2017, mu London, jengo la Grenfell Tower liliungua, watu 72 wakafa. Vibao vya ukuta wa inje vilikuwa na polietilini katikati, na uchunguzi ulisema njo vilipandisha moto. Vibao vyenye unga wa jiwe vilikuwako sokoni.

Kwetu, kupima ubora wa bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC. Wanainchi wako na haki ya kuuliza: waya zinazofika madukani, ngozi yake inapimwa kwa moto?

Kwa sasa kuna jaribio dogo. Inje ya nyumba, kata kipande kifupi, ondoa ngozi, ishike na koleo, iwashe, kisha ondoa kiberiti. Usivute ule moshi, unachoma mapafu. Ikizimika yenyewe, ni dalili nzuri, ingawa si cheti. Ikiendelea kuwaka na kudondosha, rudisha waya dukani. Tena angalia shaba: ikiwa nyembamba, na unapikia resho mbili juu yake, ngozi nzuri itakupa dakika chache tu za kutoa watoto.