Plasta Peke Yake Haitoshi

Mama mzee wa Nyasura anapoteleza njiani akavunjika kifundo cha mkono, neno la kwanza la majirani ni kwamba uzee umemfika. Hufungwa plasta, au hupelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa, na shauri likaishia hapo. Hilo ni kosa. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha mtu aliyesimama ni dalili kwamba huenda mifupa yote imepungukiwa na madini, ikawa na matundu ndani kama sega lililokaushwa asali. Wataalamu huyaita maradhi hayo osteoporosisi. Hayana homa wala maumivu. Aghalabu hujitangaza siku ya kuvunjika. Mkono ukishavunjika, nyonga nayo imo hatarini, na mzee aliyevunjika nyonga asipasuliwe ni nadra kusimama tena.

Kipimo cha kuyagundua mapema kipo tangu miaka ya 1980. Ni mashine ya eksirei inayopima madini ya nyonga na ya pingili za mgongo kwa dakika chache, tena kwa mionzi michache kuliko ya picha ya kifua. Lakini mashine hiyo ni ghali, na anayeahidi kuiweka katika kila zahanati anawalaghai wananchi. Mahali pake ni hospitali za rufaa, kama ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma.

Je, Nyasura ingoje? La hasha. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa hesabu ya hatari ya kuvunjika mifupa ambayo yaweza kufanywa hata bila mashine: umri, uzito, tumbaku, pombe, mzazi aliyepata kuvunjika nyonga, vidonge vya steroidi. Mganga wa zahanati aweza kuuliza hayo yote akiwa na kalamu tu, akawateua wanaostahili kupelekwa mbele. Wala mashine yenyewe si msema kweli daima: penye maji ya floridi nyingi, kama sehemu kadhaa za kaskazini mwa Tanzania, mfupa waweza kuonekana mzito ilhali ni rahisi kuvunjika.

Kuhusu chakula, ziwa li karibu, na dagaa anayeliwa pamoja na mifupa yake ana kalsiamu tele. Inasikitisha kwamba dagaa wengi huishia katika chakula cha kuku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Hapana budi ahadi hiyo ihesabiwe kuwa ni pamoja na kupima mifupa, si kufunga plasta tu. Na halmashauri, zinapopanga bajeti zake, zieleze bayana ni nani atakayelipa nauli ya mzee huyo kutoka Bunda hadi Musoma, na ya kijana atakayemshika mkono njiani.