KABLA KIBARUA HAJASHUKA SHIMONI



Ukipita Mbezi Beach, wilayani Kinondoni, kuanzia Tangi Bovu hadi Afrikana, utaona nyumba mpya zinajengwa na za zamani zinaongezwa vyumba. Kila nyumba inahitaji choo, na choo kinahitaji karo la kupokea maji taka. Karo hilo mara nyingi halichimbwi na mwenye nyumba. Huchimbwa na kibarua mwenye sururu, chepe na ndoo, ambaye pengine amefika asubuhi hiyo hiyo, na hakuna aliyemwuliza jina. Kijijini kwako nako watu huchimba visima na vyoo kwa mtindo huo huo.

Nasema hivi: yeyote anayemlipa mtu ashuke shimoni ni mwajiri, na mwajiri anapaswa kukagua hatari ya kazi kabla kazi haijaanza. Asisubiri kibarua aumie ndipo atafute gari la kumleta zahanati.

Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri afanye tathmini ya vihatarishi, yaani achunguze ni kitu gani kinaweza kumdhuru mfanyakazi na achukue hatua ya kukizuia. Uko pia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uitwao kwa kifupi OSHA, wenye kazi ya kusimamia mambo hayo. Watu wengi wakisikia habari hizi hudhani zinahusu viwanda na makampuni makubwa tu, na kwamba tathmini ni karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Ndugu, udongo haujui kusoma karatasi. Unapoporomoka, haumwulizi aliyeko chini kama tajiri yake ana kampuni au ana kiwanja kimoja tu.

Tuzitazame hatari zenyewe. Ya kwanza ni kuporomoka kwa udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa ingawa kichwa chake kiko nje. Kila anapotoa pumzi kifua hupungua, udongo hujaza nafasi hiyo, na pumzi inayofuata haipati pa kuingia. Udongo wa mchanga, kama ulivyo sehemu nyingi za pwani, haujishikilii wenyewe. Wakati wa masika na vuli hulowa na kuwa mzito, na ukuta uliosimama vizuri jana unaweza kuanguka leo.

Ya pili ni hewa mbaya, hasa katika karo au choo kilichokwisha kutumika. Kinyesi kinapooza hutoa gesi. Mojawapo ina harufu ya mayai viza, nayo ni haidrojeni salfaidi. Ubaya wake ni kwamba ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe sumu imeongezeka, na huweza kuzimia baada ya kuvuta pumzi chache. Gesi nyingine ni methani, ambayo hushika moto. Mashine ya petroli ya kuvuta maji nayo, ikiwashwa ndani ya shimo, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua.

Wako wanaoteremsha taa ya chemli au mshumaa ili kupima hewa. Desturi hiyo haifai. Mwali waweza kuendelea kuwaka palipo na sumu ya kutosha kumwua mtu, na palipo na methani mwali huo huo waweza kuleta mlipuko.

Haya si mambo ya kutisha watoto. Huko Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, mwaka 1998 na tena mwaka 2008 mvua kubwa ilijaza maji mashimoni na kuua makumi ya wachimbaji. Mwaka 2002, hapo hapo Mererani, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa safi chini ya ardhi. Shimo la choo ni fupi kuliko shimo la madini, lakini mapafu ya mtu ni yale yale.

Sasa, mwajiri akague nini? Haihitaji shahada. Azunguke eneo la kazi pamoja na vibarua wenyewe, maana wao ndio wanaoujua udongo, nao wajibu pamoja maswali haya:

1. Je, ni lazima mtu ashuke? Kama karo limejaa, liitwe gari la kunyonya maji taka. Hatari iliyoondolewa kabisa ni bora kuliko hatari iliyovalishwa glavu.

2. Je, kuta zitasimama? Shimo likipita kina cha mita 1 na nusu, kuta zilazwe mteremko au zishikiliwe kwa mbao na mirunda. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, angalau mita 1, na magari yasipite karibu.

3. Je, hewa ya chini ni salama? Kama ni karo la zamani, au shimo liko jirani na choo, asiingie mtu mpaka mwenye ujuzi na kipimo cha gesi amehakikisha. Kufunika pua kwa kitambaa hakuzuii gesi.

4. Je, atatokaje? Ngazi imara iwepo wakati wote. Mchimbaji avae mkanda wenye kamba, na juu awepo mtu asiyeondoka hata kwenda kununua maji.

5. Je, hali imebadilika? Mvua ikinyesha usiku, ukaguzi wa jana umekwisha kazi. Uanze upya asubuhi.

Najua mwenye nyumba atasema gharama zitapanda. Ni kweli, kulaza kuta ni kuchimba udongo mwingi zaidi, na mbao ni fedha. Lakini tuulize fedha hiyo sasa inalipwa na nani. Vibarua wengi hulipwa kwa futi. Anayelipwa kwa futi za kwenda chini hapati kitu kwa kupanua shimo, wala kwa saa ya kupigilia mbao. Kwa hiyo atachimba shimo jembamba, lililosimama wima, na kwa haraka. Malipo ya namna hiyo yanamfukuza kwenye usalama, halafu akifukiwa tunasema alikuwa mzembe! Mwajiri alipe kazi ya kuimarisha shimo kando, kama anavyolipa saruji na nondo. Asiyeweza kulipia shimo salama asimwagize mtu kuchimba.

Wengine hujibu kwa methali: ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa isitumike kumkinga mwajiri. Jambo linalojulikana chanzo chake, na dawa yake ni mbao na ngazi, lina kinga. Wazee walisema pia kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku hizi aliyeagiza kisima amekaa juu kivulini, na anayeingia ni mtoto wa mwenzake.

Liko jambo moja ambalo nawaomba mlishike sana. Mtu akizimia ndani ya karo, usishuke kumfuata. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu zilizofungika namna hiyo walikuwa watu waliokwenda kuokoa wenzao. Ndiyo maana kamba hufungwa kabla ya kushuka, ili avutwe kutoka juu. Kama hana kamba, waiteni Zimamoto na Uokoaji kwa simu 114. Sisi wa zahanati tunaweza kufunga kidonda na kunyoosha mfupa kwa gango, lakini hatuna dawa ya kumrudisha aliyekosa hewa kwa robo saa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kwa redio na vitabu. Walijifunza, wakatoka darasani, wakachimba vyoo. Kazi ile iliokoa watoto wengi kutokana na kuhara. Somo lake lingali zuri: choo ni afya. Lakini mchimba choo naye ni mtu, na afya yake imo katika hesabu hiyo.

Basi mkishasoma ukurasa huu katika kikundi chenu, msiufunge bila kujibu: ni shimo gani linachimbwa wiki hii katika mtaa au kijiji chetu, nani anashuka, nani anashika kamba, na aliyewaajiri amekwenda kulitazama?