Hasira Ruksa, Kumchongea Mtu Hapana

Kuna picha ilizunguka kwenye simu zetu wiki nzima. Vijana wanne wamekaa chini ya mwembe, mmoja kavaa kanzu. Chini yake mtu kaandika: "Hawa ni mashababi wa Pundanhar, tumeshawajua."

Jamani, wale vijana tunawafahamu. Ni wenzetu. Tulikimbia nao, tukalala nao porini njia ya Nangade. Huyo wa kanzu, nyumba yao ilichomwa na mashababi hao hao anaosingiziwa kuwa mwenzao.

Kwenye komenti wengine walicheka, wengine wakaandika "wachinjwe". Halafu mmoja akauliza kwa upole tu: "Wanakaa kambi gani?" Swali hilo ndilo lililotunyima usingizi. Tangu 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, neno hilo huku Cabo Delgado si la utani. Ukiitwa hivyo, jirani anaacha kukusalimia, na ukikutana na mwenye silaha huna pa kujitetea.

Baadhi yetu tukasema: basi serikali izime kurasa zote za namna hii, aliyeandika akamatwe. Wengine wakatuuliza: mmesahau ya Palma? Tarehe 7 Aprili 2020, Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alimwandikia mwenzake kwamba amezungukwa na wanajeshi. Mpaka leo hajaonekana. Kabla yake, Januari 2019, Amade Abubacar alikamatwa Macomia akizungumza na watu waliokimbia vita, watu kama sisi. Alikaa ndani miezi mitatu na zaidi. Katiba ya Msumbiji, ibara ya 48, inasema kila raia ana haki ya kutoa maoni yake. Hawa wawili walikuwa wanatusemea sisi. Kwa hiyo tunaogopa kumpa mtu yeyote rungu la kufunga midomo, maana tunajua litaanza kumpiga nani.

Lakini tunaogopa pia ule upande wa pili. Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, ikataja watu kwa majina na mahali walipo. Wauaji walikuwa wanasikiliza. Hayo hayakuwa maoni. Yalikuwa kumwonyesha mwenye panga njia ya kufika mlangoni kwa mtu.

Hapo ndipo sisi tunapochora mstari. Sema serikali imetutupa. Sema wanajeshi wamekosea, sema mashehe na mapadri wamekaa kimya, sema hata sisi vijana ni wavivu. Tutabishana, na kubishana hakumuui mtu. Ila ukichukua sura ya mtu, au kabila zima, ukawaita wauaji bila ushahidi, hapo huongei tena. Unachongea.

Na tusijifanye watakatifu. Mwenzetu mmoja humu humu kwenye kundi aliwahi kuandika kwamba kabila fulani lote ni nyoka. Tulifuta. Akakasirika: "Kaka yangu kauawa, na nyinyi mnaninyamazisha?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukampigia, tukamsikiliza karibu saa nzima, analia. Kesho yake akaandika upya: "Kaka yangu ameuawa. Sijui nani kamuua. Nataka nijibiwe." Maneno hayo yapo mpaka leo, hatufuti. Watu wa kabila lile alilolitukana ndio waliokuwa wa kwanza kumpa pole.

Kwa hiyo ndugu zetu, tunaomba mambo machache. Ukipokea picha ya namna ile, isiishe kwako kwa kucheka. Usiipeleke mbele, hata kwa kusema "oneni ujinga huu", maana unaisambaza wewe pia. Iripoti kwa wenye mtandao. Kama unamjua aliyeituma, mfuate faragha, umuulize: umewaona kwa macho yako? Na kama unawajua waliopigwa picha, sema wazi kwamba unawajua. Uhuru wa kusema ni pamoja na kumsemea mwenzio.

Sisi tulichelewa siku tatu kuandika "hawa ni ndugu zetu", kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Picha bado inazunguka. Na yule kijana siku hizi anakwenda msikitini na fulana, kanzu ameifungia kwenye mfuko.