Miguu ya Beki, Kichwa cha Mwalimu

Ndugu msomaji, siku ya Jumamosi alasiri pita katika mji wa Nyeri, au shuka hadi Karatina, au panda hadi Nanyuki, pale mlima unapoonekana kama umekuja mlangoni. Utawakuta vijana wamejaa mbele ya televisheni wakitazama kandanda ya Uingereza. Waulize, nao watakutajia wachezaji kumi na mmoja wa timu waipendayo bila kukosea hata jina moja. Sina neno juu ya hayo, maana ujuzi haudharauliwi. Lakini waulize swali la pili: ujuzi huo umewafaa nini? Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu, na ningependa tuuamue mimi nawe.

Yako maoni mawili yaliyoenea katika miji yetu. Wazee wengi hunena kwamba mpira na kitabu ni maadui, na kwamba mtoto apendaye kiwanja ameliacha darasa. Vijana wengi nao hunena kwamba mpira ni bahati tu, na bahati hutegwa kwa shilingi ya kamari. Makundi haya mawili yanadhaniana kuwa wapinzani, kumbe yamelala kitanda kimoja. Yote mawili yanaamini kwamba mpira ni kazi ya miguu, na kwamba kichwa hakina sehemu ndani yake.

Shahidi wangu ni mtu ambaye jina lake vijana wanalijua, ijapokuwa maisha yake hawayajui: Jürgen Klopp, Mjerumani, aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1967. Wengi humdhania kuwa alikuwa nyota wa uwanjani. La, hakuwa. Alijiunga na timu ya Mainz mwaka 1990, akiwa mshambuliaji, kisha mwaka 1995 akarudishwa nyuma kuwa beki. Alibaki hapo hapo hadi mwaka 2001, akacheza mechi 325 za ligi, wala hakupata kuivaa jezi ya taifa lake. Mwenyewe hakuficha kamwe kwamba miguu yake haikujaliwa kipawa kikubwa.

Basi alifanya nini? Alisoma. Huku akicheza mpira kwa mshahara, alihudhuria masomo ya elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, akafuzu mwaka 1995. Tena alisoma uwanjani. Mwalimu wake, Wolfgang Frank, aliiacha desturi ya Wajerumani wa siku zile ya kumweka beki mmoja wa akiba nyuma ya wenzake. Badala yake aliwapanga mabeki wanne katika mstari mmoja, wakisogea pamoja kuufuata mpira, kila mmoja akilinda eneo lake badala ya kumfuata mtu. Mpango huo hauhitaji mbio za ajabu; wahitaji watu wanaoelewana na wanaofikiri. Beki wetu asiye na kipawa aliusikiliza, akauhifadhi, na mwezi wa Februari 2001, timu ilipokuwa karibu kushushwa daraja, alitolewa miongoni mwa wachezaji akafanywa mwalimu wao.

Sasa sikiliza habari ambayo mcheza kamari asingeivumilia. Mwaka 2002 Mainz ilikosa kupanda daraja kwa pointi moja. Mwaka 2003 ikakosa tena, mara hii kwa tofauti ya bao moja! Mwaka 2004 ikapanda. Mwaka 2007 ikashuka. Mtu wa kubahatisha angalikwisha kuitupa karatasi yake zamani. Klopp aliendelea. Alikwenda Dortmund mwaka 2008, akatwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 2011 na 2012. Alikwenda Liverpool mwaka 2015, akashindwa katika fainali ya Ulaya mwaka 2018, akaishinda ya mwaka 2019. Na mwaka 2020 akaipatia timu hiyo ubingwa wa ligi iliyoungojea kwa miaka 30. Mwaka 2024 akaondoka kwa hiari yake.

Katika ushindi ule wa 2019 mlikuwa na damu yetu pia. Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars, alikuwa mtu wa kukaa benchi mara nyingi. Hata hivyo ndiye aliyefunga mabao mawili tarehe 7 Mei, Liverpool ilipoilaza Barcelona 4-0 baada ya kufungwa 3-0 katika mechi ya kwanza. Ndiye tena aliyefunga bao la pili katika fainali.

Utaniambia, “Huyo ni Mjerumani; kwao kuna viwanja na walimu. Sisi tuna nini?” Swali lako ni la haki, wala sitalikwepa. Kiwanja cha Kinoru, huko Meru, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyokusudiwa kwa mashindano ya Afrika ya mwaka 2018. Lakini mwezi wa Septemba 2017 Kenya ilinyang'anywa mashindano hayo kwa sababu matayarisho yalichelewa. Hilo ni kosa la vichwa vya watu wazima, na yafaa walaumiwe. Lakini usiifanye lawama hiyo kuwa mto wa kulalia. Catherine Ndereba alizaliwa Nyeri hii hii, na barabara za vilima zilimtosha kuanzia. Akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007.

Na kuhusu kamari, ngoja nikukumbushe Mjerumani mwingine. Reinhard Fabisch aliifundisha Harambee Stars ikafika fainali ya Michezo ya Afrika mjini Nairobi mwaka 1987, ikafungwa na Misri bao moja kwa bila. Miaka mingi baadaye, akiifundisha Benin, alitangaza hadharani kwamba watu wa kamari walimjia na fedha ili auze mechi za Kombe la Afrika la 2008, naye akawafukuza. Alifariki mwaka huo huo, jina lake likiwa safi. Shilingi uitoayo kwa siri ni kijito. Watu kama wale waliomjia Fabisch wanangoja mtoni. Tena ukiwa chini ya miaka 18, sheria ya nchi yako inakukataza.

Kwa hiyo, msomaji, Jumamosi ijayo usiulize nani atashinda. Tazama mabeki wanne wa nyuma, uone jinsi wanavyosogea pamoja, kisha chukua chaki uwachore. Likizo ikifika, wakusanye watoto wa kijijini kwenu uwafundishe ulichokiona. Na mzee akikuuliza umeacha kitabu kwa ajili ya nini, mwonyeshe daftari lenye michoro yako, umwambie kwamba hicho nacho ni kitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na beki yule wa Mainz aliinama miaka kumi na mmoja kabla dunia haijalijua jina lake.