Siti ya Nyuma: Mkubwa Hafungi, Mtoto Hafungwi



Januari 2023 polisi wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, walimtoza faini Waziri Mkuu wa nchi, Rishi Sunak, kwa kosa la kutofunga mkanda ndani ya gari linalotembea. Ushahidi aliutoa mwenyewe: alijirekodi video ya kisiasa akiwa safarini, ikawekwa mtandaoni, watu wakaona kifuani hana mkanda. Faini yenyewe pauni 100. Akaomba radhi, akaikubali adhabu, kazi ikaendelea. Wengi wetu tunaoishi huku tulitumiana habari ile kwa vicheko, na kila mmoja akaongeza lake kuhusu utawala wa sheria na waheshimiwa wetu wa nyumbani. Mie, pengine kwa sababu ya kazi ninayofanya, niliona jambo jingine ambalo hatukulijadili kabisa: Sunak alikuwa amekaa siti ya nyuma.

Hebu fikirini siti ya nyuma kwetu ni ya nani. Kwenye shangingi la serikali ni ya mheshimiwa. Dereva yuko mbele na mkanda wake, mkubwa yuko nyuma na gazeti lake, na hakuna wa kumwambia "mzee, funga". Kwenye gari la familia ni ya mama na watoto. Kwenye teksi ni ya anayelipa. Kwenye basi la mkoani karibu wote tuko nyuma. Sasa tazameni sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, kwa miaka mingi, ilimdai mkanda dereva na abiria wa siti ya mbele. Wa nyuma aliachwa. Wanaharakati, wakiwemo wanasheria wanawake wa TAWLA, walipiga kelele miaka nenda rudi kwamba pengo hilo lizibwe. Waliokuwa na uwezo wa kuliziba ndio hao hao wanaosafirishwa nyuma. Sisemi walijipendelea, maana kama ni upendeleo basi ni wa ajabu: mtu kujisamehe uhai wake mwenyewe.

Mimi ni muuguzi. Shahada yangu niliisomea nyumbani, nikafanya kazi hospitali ya rufaa kabla ya kuja huku, na sasa niko idara ya dharura katika mji mmoja wa Uingereza. Kwa hiyo mnisamehe nikieleza jambo hili kiwodini kidogo.

Ajali moja ya gari huwa ni migongano mitatu. Kwanza gari linagonga kitu. Gari linasimama, ila wewe uliye ndani hujasimama. Unaendelea na mwendo ule ule mpaka ugonge usukani, kioo, au kiti kilicho mbele yako. Huo ni wa pili. Wa tatu hauonekani: mwili umesimama lakini ubongo unagonga fuvu, na ini, bandama na mishipa mikubwa ya damu inavutwa kutoka mahali pake. Kazi ya mkanda ni kukufanya usimame pamoja na gari, taratibu kidogo, na nguvu ipokelewe na mifupa imara, yaani bega, kifua na nyonga, badala ya uso na shingo. Hakuna muujiza hapo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao dereva wa daladala hauhesabu hata kuwa ni mwendo, kugonga ukuta ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hakuna mtu anayejirusha kutoka ghorofa ya tatu akitegemea kujishika kwa mikono. Ndani ya gari tunaamini tutajishika.

Mgonjwa aliyekuwa amefunga mkanda mara nyingi tunamtambua kwa mchirizi wa damu iliyovilia, kutoka begani hadi nyonga ya upande wa pili. Tunauheshimu mchirizi huo, kwa sababu wakati mwingine tumboni kuna utumbo uliochanika, hasa pale mkanda ulipokaa juu ya tumbo badala ya chini kwenye nyonga. Ndiyo, mkanda nao huumiza. Wanaosema hivyo hawadanganyi. Lakini mgonjwa yule anakuambia mwenyewe kwamba kifua kinamuuma. Yule ambaye hakufunga mara nyingi hasemi kitu, na sisi ndio tunaomsemea kwa ndugu zake walioko kwenye benchi nje.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa abiria wa nyuma kwa asilimia 25. Najua kuna watakaoikamata hiyo 25 na kusema basi nyuma hakuna umuhimu. Subirini kwanza. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Wajapani waliochambua ajali za nchini kwao. Walikuta kwamba abiria wa nyuma wasipofunga mkanda, hatari ya kufa kwa watu wa mbele waliofunga inapanda karibu mara 5. Maana yake nini? Aliye nyuma anageuka gunia linalorushwa, na linamwangukia aliye mbele, ambaye mkanda umemshikilia pale pale alipo. Yaani dereva wa mheshimiwa ametii sheria, na anauawa na mheshimiwa. Waingereza walilionyesha hili kwenye televisheni mwaka 1998, kwenye tangazo la kijana aliyekaa nyuma bila mkanda akamponda mama yake aliyekuwa akiendesha. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1997, Binti Mfalme Diana alikuwa amekaa siti ya nyuma kule Paris, na baraza la uchunguzi wa kifo chake lilipotoa uamuzi mwaka 2008 lilitaja kutofunga mkanda kuwa miongoni mwa sababu.

Utafiti wa Japani unatuhusu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu magari yetu yanatoka huko huko. Gari linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa na mikanda yake yote, mbele na nyuma. Halafu sisi ndio tunaiondoa. Mwenye gari dogo anavalisha viti kava za kung'aa, vishikio vya mkanda wa nyuma vinafunikwa chini ya kava na havionekani tena mpaka gari linauzwa. Mwenye Hiace anaipeleka gereji, viti vya Wajapani vinang'olewa, mafundi wanachomelea vingine vya mabomba ili iongezeke safu moja ya abiria, na mikanda inaishia kwenye lundo la vyuma chakavu. Usalama ule ulikuwa umeshalipiwa na mtu wa Nagoya, tukalipa tena pesa ili uondolewe.

Mtoto je? Hapa ndipo sisi wa ughaibuni tunaponiudhi. Uingereza mtoto hukaa kwenye kiti chake maalumu mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, na hakuna mzazi wa Kibongo wa Reading au Leicester anayethubutu kukiuka. Desemba tunapanda ndege, tunatua KIA, na mtoto yule yule anapakatwa na shangazi siti ya nyuma kutoka uwanjani hadi Rombo, kwa sababu "huku kwetu hakuna mambo hayo". Mwendo wa kilomita 50, gari likisimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 mikononi mwa shangazi. Gunia la mahindi. Shangazi anampenda mtoto, ila hawezi kulidaka gunia la mahindi. Tukipinga uraia pacha kucheleweshwa huwa tunasema sisi ni Watanzania kamili. Basi watoto wetu wawe na miili ile ile pande zote mbili za bahari.

Hoja ninayokutana nayo zaidi ni ya moto na maji: gari likiwaka, au likitumbukia mtoni, mkanda utaninasa. Ajali za namna hiyo zipo, lakini ni chache mno ukilinganisha na za kugongana na kupinduka. Tena anayeweza kutoka kwenye gari linalowaka ni yule ambaye fahamu hazijampotea na miguu haijavunjika, na mkanda unafunguka kwa kubonyeza mara moja. Ya pili ni ile "ajali haina kinga". Tunaisema kwa upole kabisa misibani, na mimi pia huitikia, msibani si mahali pa mabishano. Ila tukirudi nyumbani tunalala ndani ya neti. Malaria nayo ingeweza kuachiwa Mungu.

Ni kweli mkanda hauponyi breki mbovu, wala hausaidii sana basi linapoingia uvunguni mwa lori lililoharibika usiku bila taa. Sitaki serikali ijifiche nyuma ya mkanda wa abiria na kusahau mwendokasi na matairi. Lakini abiria amepewa kitu kimoja anachoweza kukifanya mwenyewe akiwa ameketi, nacho ni hicho.

Na ukubwa wa tatizo unafichwa na hesabu zenyewe. Kwa mwaka 2016 polisi wetu waliripoti vifo 3,256 vya barabarani. WHO ilikadiria zaidi ya 16,000. Sehemu ya tofauti hiyo naifahamu kwa macho. Anayekufa barabarani anaandikwa na trafiki. Anayekufa siku ya tisa wodini, kwa kichwa au kwa uti wa mgongo, anaandikwa kwenye kitabu chetu, na vitabu hivyo viwili havisomwi pamoja.

Jirani zetu Kenya walijaribu. Februari 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alilazimisha kila matatu iwe na mikanda ya abiria wote na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Matatu nyingi zilikaa kando, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, Michuki hakurudi nyuma. Ilifanya kazi kwa muda. Kisha mikanda ikachakaa na kushika uchafu, akina mama wakawa hawataki ichafue nguo zao za kazini, makonda wakawa wanakumbusha tu wakikaribia kizuizi cha polisi, na mwaka 2018 serikali ikalazimika kuzifufua kanuni zile zile kwa msako. Wengine husema huo ni ushahidi kwamba Mwafrika haambiliki. Hiyo ni kauli ya uvivu. Mkanda mchafu ni kosa la mwenye gari, na ukaguzi wa gari ungetakiwa kuukataa kama unavyokataa taa iliyokufa. Waingereza wenyewe hawakuzaliwa wamefunga: wa mbele walilazimishwa Januari 1983 baada ya miswada kukwama bungeni mara kadhaa kwa kisingizio cha uhuru wa mtu binafsi, na watu wazima wa nyuma wakalazimishwa Julai 1991. Hata kwao, siti ya nyuma ilikuja mwisho.

Ninachotaka kwa wabunge wetu ni sentensi moja ya sheria isiyo na siti ndani yake: kila aliye kwenye gari afunge, na gari lililong'olewa mikanda lisipite ukaguzi, liwe la konda au la katibu mkuu. Kwa sisi tunaorudi Desemba, pesa tunayo mkononi na mwenye gari la kukodi anaitaka. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa nyuma, ingiza mkono chini ya kava, uvitafute vishikio. Kama havipo, mwambie alete gari jingine. Atanung'unika kwamba watu wa Ulaya mna mambo, kisha atalileta.

Nawasilisha.