Nyumba za Mawe Zataka Chokaa, si Simiti

Kila mtu wa pwani ameisikia methali ya ufa na ukuta tangu hajaota meno, na wengi wetu twadhani kuwa tunaifuata. Nyumba ikionyesha ufa tunaita fundi, fundi anakuja na mwiko wake na mfuko wa simiti, ufa unazibwa, fundi analipwa, na mwenye nyumba analala usingizi wake. Lakini methali haikusema ufa uzibwe kwa kitu gani. Huenda wahenga hawakuona haja ya kusema, kwani siku zao palikuwa na kitu kimoja tu cha kuzibia ukuta wa mawe, nacho ni chokaa. Sisi tuna viwili, na tumechagua kile kinachobomoa.

Yeyote anayetilia shaka maneno haya na apite katika vichochoro vya Kibokoni hapa Mombasa, au Mkomani kule Lamu, atazame kuta kutoka ardhini hadi usawa wa kifua. Hatakosa kuuona ukuta uliotiwa simiti miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Simiti yenyewe ingali nzima, ngumu, rangi ya jivu, imesimama kama kuta za sega la nyuki. Jiwe lililokuwa katikati yake ndilo lililoliwa likarudi ndani, na ukilipitisha kidole linamwagika kama unga. Mwenye nyumba akiona hivyo husema jiwe ndilo bovu na simiti ndiyo imara, kisha huagiza simiti nyingine.

Yafaa tukumbushane jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Jiwe lake ni tumbawe, ama lililochimbwa nchi kavu, mfano wa yale ya Maweni katika kisiwa cha Manda, ama lile laini lililotolewa baharini likachongwa lingali bichi kwa ajili ya zidaka na miimo ya milango. Ni jiwe lenye vitundu vingi, na hakuna mawili yaliyolingana. Kwa hivyo baina ya jiwe na jiwe mna nafasi, na nafasi hiyo hujazwa kokoto na chokaa, mara nyingi chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita au karibu na hapo, na sehemu kubwa ya unene huo si jiwe bali ni mchanganyiko huo. Juu yake hupigwa plasta ya chokaa, na juu ya plasta chokaa ya kupaka, ambayo katika nyumba nyingi ilikuwa hairuki mwaka, hasa Idi ikikaribia.

Ukuta kama huo hunywa maji na kuyatoa. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia na mvua ya masika, huvuja kutoka birika na chooni. Chokaa huyapokea, na jua na upepo vikija huyaachia. Tatizo ni kwamba maji ya pwani yana chumvi, na chumvi hubaki pale maji yanapokaukia. Ikibaki katika chokaa, kinachoharibika ni chokaa, nayo hukwanguliwa ikatiwa nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya chokaa ukutani, kuliwa yenyewe ili jiwe lisiliwe. Simiti haikubali kazi hiyo. Imefumba njia, na maji yakikuta njia imefumbwa hutokea upande mwingine, nao ni jiwe lenyewe. Chumvi hukaukia humo ndani ya vitundu, hukua, na kulipasua jiwe chembe kwa chembe. Ule unga mweupe uitwao shura, unaotokeza juu ya mpaka wa simiti na ambao akina mama hawachoki kuupangusa, ndio dalili ya kwanza. Plasta inayotoa sauti ya utupu ikigongwa kwa kifundo cha kidole ni dalili ya pili.

Tena nyumba haitulii. Hupanuka kwa joto, hunywea kwa baridi, hutitia kidogo kidogo juu ya ardhi yake. Chokaa ni laini, huenda nayo. Simiti haiendi, hupasuka, na kupitia nyufa zake nyembamba maji huingia kwa urahisi na kutoka kwa taabu.

Hatari kubwa iko mahali pasipoonekana. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta. Wazee walijenga vyumba virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haistahimili zaidi ya hapo; na juu ya boriti hizo walilaza sakafu ya mawe na chokaa yenye uzito mkubwa sana. Ukuta ukishinda umelowa, ncha za boriti huoza, mchwa nao hualikwa. Siku boriti itakapoachia, haitauliza nani amelala chini yake.

Tuliona jambo la kutisha Unguja siku ya Ijumaa, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka ikitengenezwa, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, na sehemu yake nyingine ilikuwa imekwisha anguka mwaka 2012. Jumba la serikali, lililo mbele ya macho ya dunia nzima katika mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lilifikia hali hiyo. Nyumba ya mjane iliyo ndani ya kichochoro itapona kwa ajabu gani isipotazamwa?

Hatusemi haya kuwalaumu mafundi. Simiti tuijuayo leo ilipatiwa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuitengeneza mwaka 1954 ikawa jirani yetu. Ni kitu chema mahali pake. Kwa nyumba ya zege na matofali ya simiti hakuna mfano wake. Fundi kijana amefundishwa hiyo, chuoni na kazini, na pengine hajapata kuona chokaa ikizimwa. Siku moja bibi mmoja wa Mji wa Kale alimwuliza fundi mbele yetu, "Mwanangu, mbona hii si ile chokaa waliyojengea babu zenu?" Fundi akamjibu kwa adabu, "Bibi, chokaa ni mambo ya zamani. Hii kesho asubuhi imekuwa jiwe." Alisema kweli. Ilikuwa jiwe gumu kuliko jiwe lililokuwa ukutani, na hapo ndipo penye balaa. Kanuni ya kazi hii ni moja na si ngumu kuishika: kinachotiwa katikati ya mawe sharti kiwe laini kuliko mawe yenyewe.

Chokaa ina mambo yake, na anayeidharau hajaijua. Mawe ya tumbawe hupangwa juu ya tanuu la magogo yaliyopangwa duara, kisha hutiwa moto. Joto likifika kiasi cha digrii 900 za sentigredi, jiwe hutoa hewa iliyofungika ndani yake na kupungua uzito. Jiwe safi la kilo 100 hubaki kilo 56. Kilichobaki ni kikali. Kikitiwa maji huchemka na kutoa mvuke, na kikiruka jichoni chaweza kupofusha, basi watoto wawe mbali. Baada ya kuzimwa, chokaa hukaa shimoni chini ya maji, wiki kadhaa au hata miezi, na kila ikikaa huzidi kulainika kama samli. Wengine zamani waliiacha chungu nje ya nyumba, ikazimwa polepole na umande na mvua. Ikishatiwa ukutani huanza kuirudisha hewa ile ile iliyoipoteza tanuuni, kutoka nje kuingia ndani, siku kwa siku, mpaka iwe jiwe tena. Ndiyo maana haipendi haraka wala haipendi kutiwa kwa unene. Kuta za Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, zimekaa bila mapaa kwa mamia ya mvua na zingali zimeshikana. Ingawa, tuwe wakweli, tangu mwaka 1948 zimekuwa na watu wa kuzitunza.

Sasa mwenye nyumba afanye nini? Kwanza atafute maji yanatoka wapi. Kutengeneza ukuta huku mlizamu umevunjika na birika linavuja ni kutupa fedha. Hilo likiisha ndipo kazi ya kutomea ianze, yaani kuzijaza upya zile nafasi baina ya mawe. Chokaa mbovu ichokolewe kwa mkono, kwa patasi na nyundo ndogo, wala si kwa mashine. Kina kiwe kama mara mbili ya upana wa nafasi, au sentimita mbili na nusu kwa uchache. Vumbi lifagiliwe, ukuta unyunyiziwe maji mpaka ushibe, kisha chokaa ishindiliwe ndani pamoja na vipande vidogo vya mawe, isipakwe juu juu kufunika nyuso za mawe. Kiasi chake ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga, au mbili na nusu. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa maana huo ni kuinunua chumvi na kuipeleka nyumbani kwa gari. Baada ya hapo magunia yaliyoloweshwa yatundikwe mbele ya ukuta kwa siku kadhaa, jua lisiikaushe chokaa kabla haijashika.

Wako mafundi wanaopenda kutia kikopo kimoja cha simiti ndani ya chokaa "ili iwahi". Mwenye nyumba na asimame hapo hapo akatae. Na ile simiti ya zamani, ikiwa kuing'oa kutavunja mawe, iachwe mpaka ilegee yenyewe. Inayobanduka kwa urahisi ndiyo iondolewe. Chokaa ya mfukoni inayouzwa madukani yaweza kutumika ikiwa ni mpya na haijafunguliwa. Iliyokaa wazi miezi mingi imekwisha rudi kuwa mawe, hata kama bado inaonekana unga.

Twajua litakaloulizwa: fedha zitatoka wapi, na nani atoe? Nyumba nyingi hizi si za mtu mmoja. Ni mirathi ya watu kumi na watatu, mmoja yuko Lamu, wawili Mombasa, mmoja Maskati, wengine London na Toronto, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Nyingine ni wakfu, na msimamizi hukusanya kodi ndogo ambayo haitoshi hata kununua mlizamu. Tunalielewa hilo. Lakini kutomea ukuta mmoja kila mwaka ni mzigo ambao warithi kumi na watatu wanaweza kuubeba bila kuuhisi, na kusimamisha upya nyumba iliyoanguka hawauwezi hata wakiuza shamba. Aliyeweka nyumba wakfu aliiweka idumu. Msimamizi anayegawa kodi yote bila kutenga ya ukuta anapunguza asili ya wakfu wenyewe, na hili masheikh wetu wangefanya vyema kulizungumza waziwazi.

Upande wa wakubwa nako kuna la kusema. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 2011. Kanuni zipo, na mtu akitaka kubadili nyumba yake katika miji hii ya kale huambiwa aombe ruhusa. Vizuri. Lakini kanuni inayomkataza mtu simiti bila kumwonyesha chokaa inapatikana wapi inamlazimisha aifanye kazi usiku. Serikali za kaunti za Mombasa na Lamu, pamoja na Makumbusho ya Taifa, zingeweza kuchimba mashimo machache ya chokaa na kuiuza kwa ndoo kwa bei ya kawaida, ili hata mwenye ufa mmoja apate. Vyuo vya ufundi vya pwani vingeweza kumtaka kila mwanafunzi wa uashi atomee ukuta mmoja wa tumbawe kabla ya kupewa cheti. Wala hatusemi matumbawe hai yachimbwe baharini au mikoko ifyekwe kwa kuni. Vifusi vya machimbo ya nchi kavu vyatosha kuchomwa, na miti ya kupandwa ipo.

Wakati wa kazi ni miezi ya kusi, baada ya mvua kubwa kupita, kuta zikiwa bado na unyevu na jua halijawa kali. Kaskazi hukausha mno. Chokaa itakayotumika Julai yatakiwa iwe shimoni tangu Aprili, basi anayekusudia kuanza mwaka huu aiulizie mapema, na amwulize fundi wake, kabla ya kupatana bei, kama amepata kuizima kwa mkono wake.