Pakiti ya jeshi au nduma ya Gakoromone? Mlimani, ulimi ndio mwamuzi

SI mmeziona hizo video? Kijana ameketi mbele ya hema, jaketi jipya, mlima nyuma yake. Anararua pakiti ya rangi ya kaki, anatia maji kidogo kwenye mfuko, mvuke unapanda, anaonja kijiko kimoja na kuinulia kamera dole gumba. Kijiko cha pili huwa hatuonyeshwi.

Mimi nimekiona hicho cha pili. Februari tulikuwa watu sita tumepiga kambi kando ya Ziwa Ellis, juu ya Chogoria, tukienda Lenana. Wawili wetu walibeba chakula cha jeshi la Marekani, zile pakiti ziitwazo MRE, walizoagiza mtandaoni kwa bei ya kutoa jasho. Tulionja wote. Tambi zilikuwa laini kana kwamba mtu ameshazitafuna, mchuzi una chumvi halafu una utamu usiojulikana umetoka wapi. Biskuti ilikausha mate. Keki na siagi ya karanga, nisidanganye, zilikuwa poa sana. Lakini tambi zenyewe, ambazo ndizo mlo, zilirudi kwenye begi nusu. Kesho yake mmoja wa wale wawili aliishiwa nguvu kabla ya kufika kambi ya Mintos, na Lenana hakuiona. Sisemi ni tambi peke yake, mwinuko nao una mambo yake. Lakini mtu aliyelala na vijiko vitatu tumboni hana cha kupigania.

Tuwe wakweli: chakula hicho si kibaya kwa kazi yake. Jeshi la Marekani lilianza kukitumia mwaka wa 1981. Pakiti moja ina takriban kalori 1,250, na inatakiwa ikae miaka mitatu kwenye joto la nyuzi 27 bila kuharibika. Ili ifike hapo, chakula hupikwa kwa joto kali kikiwa tayari kimefungwa. Ndiyo maana kila kitu huwa laini. Hata wanajeshi wenyewe hukitania kwa majina ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Shida ni kwamba mlimani hamu ya kula hupungua. Unavyozidi kupanda ndivyo chakula kinavyokuchosha, hata ukiwa na njaa. Kitu ambacho ulimi wako haukijui nyumbani hautakikubali kwenye mita 4,000 meno yakigongana kwa baridi. Kwa hivyo anayeuliza kuhusu ladha asiambiwe anadeka. Nguvu utakayotumia ni ile iliyofika tumboni. Ile iliyoandikwa kwenye pakiti haikusaidii ikibaki kwenye pakiti.

Sasa fikiria umepita wapi ukienda huko. Ukitoka Nairobi unapita Embu, ukiendelea unafika Chuka, kisha Chogoria. Anayepandia lango la Sirimon anaweza kupitia mjini Meru. Njia nzima ni shamba. Soko la Gakoromone mjini Meru lina nduma, viazi vitamu na ndizi. Embu na Meru hulima makadamia. Asali ya Mbeere na Tharaka haihitaji kusifiwa. Piga hesabu kidogo: gramu 100 za makadamia zina zaidi ya kalori 700. Robo kilo, kitu kinachoingia mfuko wa jaketi, inaipita pakiti nzima ya jeshi, na huhitaji kuipasha moto. Njugu karanga nazo haziko mbali.

Isitoshe, mlima huu ushawahi kuwa na jeshi lake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau kutoka Meru na Embu waliishi kwenye msitu huohuo tunaopiga picha. Musa Mwariama wa Meru alikuwa bado msituni Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Hao hawakuwa na pakiti. Chakula chao kilitoka kwa akina mama waliokipeleka kwa siri hadi ukingoni mwa msitu, pamoja na asali na nyama ya porini. Mkoloni alijua uzito wa kile chakula. Ndiyo maana aliwahamishia watu kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio na kuwalazimisha kuchimba handaki kando ya msitu ili njia ikatike. Watu waliadhibiwa kwa kubeba kile ambacho sisi leo tunaona aibu kukitoa mbele ya kamera.

Najua mtaniambia githeri haipikiki huko juu. Ni kweli. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi, na maharagwe yatakumalizia gesi bila kuiva. Hapo pakiti inashinda, kwa kuwa imeshapikwa. Nduma nayo ni nzito, siwezi kukana. Lakini dawa ipo. Pika nyumbani. Siku ya kwanza kula nduma na viazi ulivyochemsha jana, ili mzigo upungue mapema. Siku zinazofuata beba vitu vikavu: makadamia, njugu, ndizi zilizokaushwa, na unga laini wa wimbi kwa uji wa moto, asali juu. Uji wa asubuhi ya kwenda kileleni hauna mpinzani. Ukitaka pakiti moja ya dharura chini ya begi, beba, hakuna atakayekucheka.

Halafu kuna suala la takataka. Pakiti moja ina vifuko vingine kibao ndani, na kijiko cha plastiki. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, fuo na misitu inayohifadhiwa nchini. Ganda la ndizi nalo lisitupwe mlimani, lakini angalau halikuvunjii sheria langoni.

Na vijana wa Meru na Embu wenyewe, mnangoja nini? Wapandaji wanapita mlangoni kwenu na begi zilizojaa chakula kilichosafiri kutoka ng'ambo. Kikundi cha vijana Runyenjes au Nkubu kinaweza kukausha ndizi, kukaanga makadamia na kupima unga wa uji wa siku tatu kwenye mifuko ya karatasi, kisha kikauza mbele ya lango. Hiyo ni kazi, si ndoto.

Kwa wewe unayepanga kupanda, fanya jaribio moja kabla ya kutoa pesa. Tembea siku nzima hadi miguu ikuume, rudi nyumbani, kisha fungua hicho unachotaka kubeba na ukile kikiwa baridi. Ukikimaliza, kibebe. Ukikiacha nusu, mlima hautakibadilisha ladha.